Surface Pro 6 ya mtumba: kishikwambi chenye kibodi kitamfaa mwalimu, au anunue laptopu ya kawaida?

#1 Mwalimu wa Chumbageni

Wakuu habari za jioni. Nafundisha Baiolojia sekondari hapa Tanga mjini, naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Kishikwambi cha sensa ya 2022 tulichogawiwa walimu ninacho. Kwa kusoma vitabu na kupiga picha ubao kinanitosha. Kinachonishinda humo ni kazi nzito. Mitihani naitunga kwa Word, imejaa majedwali na michoro, na alama za wanafunzi ziko kwenye faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za kupanga madaraja. Faili linafunguka, makro haziendi. Laptopu yangu nayo bawaba zimekufa, kioo nakiegemeza ukutani ndiyo nifanye kazi.

Kuna kijana anayeleta mashine kutoka Dar. Ananipa Surface Pro 6 ya Microsoft, i5, RAM 8, diski 256, kibodi yake ya kitambaa na kalamu, kwa laki saba na nusu. Nimeishika mkononi. Nyepesi, kioo kinang'aa, na kalamu ndiyo imeniteka, maana michoro ya nefroni na moyo nachora mwenyewe. Lakini kwa hela hiyo hiyo napata ThinkPad au EliteBook nzuri kabisa ya mtumba.

Anayetumia hizi za kuchomoa kibodi kila siku, kwenye joto letu hili, zinadumu? Na ipo kazi ambayo laptopu inaifanya hii ikakwama?

#2 Bint Makorora

Nunua mwalimu. Mimi nasoma uhasibu na natumia ya namna hiyo hiyo. Kioo chake ni cha inchi 12.3 na umbo lake ni 3 kwa 2, kwa hiyo ukikisimamisha wima ukurasa wa A4 unaingia wote bila kusogeza juu na chini. Laptopu nyingi za bei hiyo kioo ni kipana na kifupi, unaona nusu ukurasa.

Uzito wake peke yake ni karibu gramu 770, na kibodi inaongeza gramu 300 na kitu. Natembea nayo kutoka Makorora hadi mjini kwa mguu sisikii kitu begani. Na makro zako zitakwenda, hiyo ni Windows kamili.

#3 Fundi Barabara ya 9

Mwalimu, mimi riziki yangu ni kufungua hivi vitu, acha nikueleze ndani kukoje.

Laptopu ya kawaida naigeuza, natoa skrubu, mfuniko unatoka, betri hii hapa. Surface Pro 6 haina mfuniko wa skrubu. Mlango wake ni kioo chenyewe, nacho kimegandishwa kwa gundi ukingo mzima. Napasha moto gundi ilainike, naingiza kadi nyembamba ya plastiki, nasogeza kidogo kidogo. Kioo kikipinda kidogo tu kinapasuka, na kioo ndicho kipande cha bei kuliko vyote. Ukimaliza hapo unaikuta betri, nayo imegandishwa. SSD, yaani diski, imechomelewa kwenye bodi, RAM vilevile. Bodi ikifa, mitihani yako yote imekwenda nayo.

Sisemi kwa chuki. Wale Wamarekani wa iFixit wanaofungua vifaa na kuvipa alama, Surface Pro ya 2017 waliipa 1 kati ya 10. Pro 6 kwa ndani ni ndugu yake wa damu.

Chukua ThinkPad. Ikiharibika nitakutengenezea, na fundi yeyote wa Ngamiani ataiweza.

#4 Kamba na Bikoni

Nipo upande wa kuchomoa kibodi. Kazi yangu ni upimaji ardhi, Muheza na Pangani huko. Ukiwa shambani huna meza. Nachomoa kibodi naiacha kwenye gari, nashika kioo mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, ramani kwenye programu ya QGIS iko mbele yangu, nachora mpaka palepale mwenye shamba akiangalia. Kwa laptopu ningekuwa nachora kwenye karatasi, halafu nirudi Tanga kuchora upya.

Tatizo langu kubwa ni jua. Saa sita mchana kioo kinakuwa kama kioo cha kujitazamia, najiona uso wangu badala ya ramani. Nimebandika karatasi isiyong'aa juu yake, imepunguza, haijamaliza. Wenye hela wananunua Panasonic Toughbook CF-33. Hiyo nayo kibodi inachomoka, mwangaza wa kioo chake unafika niti 1,200, na ina betri mbili, unatoa moja huku inaendelea kufanya kazi. Lakini hiyo si ya mwalimu, ni jiwe.

#5 Bint Makorora

> Fundi Barabara ya 9 aliandika: *Ikiharibika nitakutengenezea*

Fundi, wewe unaziona zilizokufa tu. Zinazofanya kazi hazipiti mezani kwako.

#6 Fundi Barabara ya 9

Bibie, na ThinkPad zilizokufa napitiwa nazo pia, kila siku. Tofauti ni kwamba zile zinarudi nyumbani.

#7 Kijana wa Mabawa

Mwalimu kaa mbali na Surface. Kaka yangu alikuwa nayo, ilikataa kila programu. Ukiweka programu kutoka kwenye flashi inakwambia haiwezi. Anafungua Word iliyokuja nayo basi. Hizi zote ni kishikwambi kilichovaa suti. Microsoft walianzisha huu mchezo 2012 na mpaka leo haujakaa sawa.

#8 Mzee wa Mkonge

Kijana wangu, hapo pana mambo mawili ya kunyoosha.

La kwanza, ya kaka yako bila shaka ilikuwa Surface ya mwanzo yenye Windows RT, iliyoingia sokoni Oktoba 2012. Ile kichakato chake kilikuwa cha aina ya ARM, kama vya simu, na kweli haikuweza kufungua programu za kawaida za Windows. Surface Pro iliyofuata Februari 2013 ilikuwa na kichakato cha Intel, na hizo zinafungua kila kitu. Pro 6 ni ya Intel, kizazi cha 8. Usichanganye.

La pili, hawakuanzisha wao. HP Compaq tc1100 ilitoka 2003, kibodi inachomoka, kalamu ipo. Meneja wetu alikuwa nayo. Ilikuwa nzito na nene, lakini wazo ni hili hili mnalobishania leo.

#9 Kijana wa Mabawa

Shikamoo mzee. Sawa, ya kaka ilikuwa hiyo ya RT. Lakini ARM imerudi: Surface Pro X ya 2019 ni ARM, na Pro 11 ya 2024 ilitoka na Snapdragon, ARM vilevile. Mtu wa mtumba akiona neno "Surface Pro" hajui ipi ni ipi.

#10 Mzee wa Mkonge

Marahaba. Hapo umesema kweli tupu. Windows 11 siku hizi inaziiga programu za Intel juu ya ARM, nyingi zinakwenda. Kinachokwama ni vitu vinavyohitaji dereva, ile programu ya kuendesha kifaa: printa ya zamani, skana, mashine za maabara. Mwalimu akishika Pro X, aiulize kwanza printa ya ofisi ya taaluma.

#11 Mwalimu wa Chumbageni

Asanteni sana, nasoma yote. Kijana kaniazima niijaribu.

Michoro ni raha tupu. Nimechora nefroni, nikaiingiza kwenye mtihani bila kuskani. Makro zimekwenda. Projekta ya shule ilinikwamisha kidogo: hii haina tundu la HDMI wala USB-C, ina USB moja ya kawaida, tundu la kadi ya kumbukumbu, na tundu dogo la kupeleka picha nje. Nimeambiwa nitafute adapta ya mini DisplayPort kwenda VGA.

Lakini kuna hili. Jana jioni niliifunga ikiwa juu ya asilimia 80, nikaitia kwenye begi. Asubuhi ipo 50 na ushee, na begi la moto. Sikuigusa usiku. Nini hicho?

#12 Kamba na Bikoni

Huo ni usingizi wa kisasa, Microsoft wanauita Modern Standby. Zamani laptopu ikilala, karibu kila kitu kinazimika, inabaki RAM tu. Hizi zimefundishwa kulala kama simu: kioo kimezima lakini kwa ndani inaweza kuamka kidogo kuvuta barua pepe na masasisho. Simu ina kichakato kilichoumbwa kwa hilo. i5 ikiamka ndani ya begi, joto lazima.

Dawa ni kuifanya ikifungwa ihifadhi kila kitu kwenye diski kisha izime kabisa, ile wanayoiita hibernate. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, mahali pa kuchagua kifuniko kikifungwa kifanye nini. Kuamka kunachukua muda kidogo zaidi, ila betri utaikuta ulipoiacha.

#13 Fundi Barabara ya 9

Inaweza kuwa hivyo. Ila mimi nikisikia betri imeshuka usiku na mashine ni ya mtumba, nawaza betri yenyewe kwanza. Seli ikizeeka inasema 80 wakati haina 80. Ukiiweka kwenye kazi kidogo inaporomoka. Mashine hii ni ya 2018, fikiria imechajiwa mara ngapi huko ilikotoka, tena ofisini, imechomekwa kwenye umeme mchana kutwa.

#14 Mla Machungwa (Muheza)

Mimi naona ni kibodi. Ile ya kitambaa inakunjwa juu ya kioo kwa sumaku. Ndani ya begi lililobanwa na madaftari, kifuniko kinasogea kidogo, mashine inadhani umefungua, inawaka. Kinasogea tena, inalala. Usiku kucha ndiyo mchezo. Niliacha kuibana na vitabu, nikaona nafuu.

#15 Kamba na Bikoni

Mkuu, begi usiku halitembei. Nani alikuwa analisogeza?

#16 Mla Machungwa (Muheza)

Paka. Ninyi wapimaji mkikosa bikoni mnakataa hata shamba lipo.

#17 Sahare Baharini

Salaam wana uzi. Mnazungumza betri, mimi nina la chumvi.

Nafanya kazi ya kuandikisha mizani ya samaki karibu na maji, na mara nyingine nakwenda na boti hadi Yambe. Mashine yangu si Surface, ni ya kampuni nyingine, lakini umbo ni hilo hilo, kibodi inashikana na kioo kwa sumaku na vidoti vya shaba. Siku moja kibodi ikaanza kukatika katikati ya neno, inarudi, inakatika. Nilidhani imekufa. Nikaitazama kwenye jua: vile vidoti vina ukungu wa kijani pembeni, na kimoja kimeota uchafu mweupe kama unga. Hewa ya bahari na jasho la mikono vimefanya kazi yao.

Nilisugua kwa ufutio wa penseli taratibu, kisha pamba yenye spiriti kali, nikaacha ikauke kabla ya kuirudisha. Ikapona. Tangu hapo nafuta kila wiki. Laptopu ya kawaida kibodi yake imeungwa kwa waya uliofichwa ndani, hewa haiufikii kirahisi. Kwa mtu wa pwani hii si ndogo. Mwalimu, kabla hujalipa, chomoa kibodi uangalie vidoti pande zote mbili.

#18 Mwalimu wa Chumbageni

Hili sikuliwaza kabisa, nashukuru kaka. Nimeangalia: upande wa kioo ni safi, wa kibodi kuna kidoti kimoja kimefifia rangi. Na kitambaa kimelika pale viganja vinapokaa, kina weusi wa mafuta ambao hautoki.

#19 Bint Makorora

Hicho kitambaa wanakiita Alcantara. Kinakula jasho. Kwa Tanga bora kibodi ya plastiki nyeusi. Mwambie akubadilishie au apunguze bei.

#20 Abiria wa Segera

Hakuna aliyegusa la mapajani? Naenda Dar mara kwa mara kwa basi, na huko ndiko ninakoandikia ripoti. Hizi zina mguu wa kuegemea mgongoni. Mezani ni safi. Mapajani ule mguu unakaa juu ya goti kwa ukingo wake, unakata nyama, na basi likipiga tuta kabla ya Segera kioo kinaanguka nyuma. Kibodi nayo ni laini, inabonyea katikati ukigonga kwa nguvu.

Nilibadilisha nikachukua ya bawaba za digrii 360, jamii ya HP x360 na Lenovo Yoga. Ni laptopu kamili, ukitaka kuchora unaikunja hadi kibodi iende mgongoni. Kasoro yake ni uzito. Ukiikunja unashika kilo 1.3 hivi mkononi, na vidole vinagusa vitufe kwa nyuma, ingawa havifanyi kazi ikiwa imekunjwa. Kusimama nayo darasani kipindi kizima, mkono utachoka.

#21 Kamba na Bikoni

Kwa anayesimama, kuchomoa. Kwa anayekaa kwenye basi, bawaba. Mwalimu anasimama.

#22 Fundi Barabara ya 9

Mwalimu anasimama darasani. Mtihani anautunga akiwa amekaa.

#23 Mzee wa Mkonge

Kama ni kuchomoa, na fundi analilia skrubu, ipo njia ya kati ambayo haijatajwa. HP Elite x2. Ile 1012 ya kwanza iFixit waliipa 10 kati ya 10: kioo kinatoka, betri inatoka, SSD inatoka. Umbo ni la Surface, mguu wa mgongoni, kibodi ya sumaku.

#24 Fundi Barabara ya 9

Mzee hapo umenigusa, hiyo ni kazi ya watu wanaomheshimu fundi. Nyongeza tu: 1012 ya kwanza ina kichakato cha kizazi cha 6, kwa hiyo Windows 11 rasmi haiingii, na Windows 10 masasisho yake ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025. Surface Pro 4 na ile ya 2017 zina ugonjwa huo huo, ni kizazi cha 6 na cha 7. Pro 6 kizazi cha 8 imevuka. Kwa HP utafute Elite x2 1013 G3, hiyo nayo ni kizazi cha 8, na inachaji kwa USB-C.

#25 Bint Makorora

Na mashimo ya USB-C mawili. Ila itafute hapa Tanga uone kama utaipata. Surface zipo kila duka.

#26 Kijana wa Mabawa

Kwa nini mwalimu asichukue Samsung Galaxy Tab S6 na kibodi? Kalamu inakuja ndani ya boksi, kuchora haihitaji betri, na ukiwasha DeX inakuwa na madirisha kama kompyuta. iPad nayo tangu iPadOS 13.4 ya Machi 2020 inakubali mausi vizuri.

#27 Mwalimu wa Chumbageni

Makro mdogo wangu. Excel ya Android na ya iPad haziendeshi makro. Hilo ndilo lililonileta hapa.

#28 Nefroni na Penseli

Mwalimu mwenzangu, nisikie na mimi wa upande wa kuchora. Kalamu ya Surface ni nzuri kwa kuandika. Jaribu kuchora mstari mrefu wa mshazari taratibu sana, kwa kutumia rula. Utaona unatetemeka kidogo, mawimbi madogo. Ukichora haraka unanyooka. Hiyo ni tabia ya teknolojia ya kalamu ya N-trig waliyoingia nayo kwenye Pro 3; Pro mbili za mwanzo zilitumia ya Wacom. Kwa moyo na figo haisumbui. Kwa grafu inasumbua, tumia zana ya kuchora mstari iliyo kwenye programu.

Halafu betri ya kalamu. Ile ya zamani inatumia AAAA, A nne, nyembamba kuliko ya rimoti. Nimezunguka maduka ya barabara zote za Ngamiani sijaiona. Niliagiza Dar.

#29 Mla Machungwa (Muheza)

AAAA unayo nyumbani hujui. Fungua betri ya volti 9, ndani mna vidogo sita.

#30 Fundi Barabara ya 9

Si kila moja. Zile za bei rahisi ndani zina vipande bapa vilivyopangwa kama sahani, utapasua bure. Zile za alkalaini nyingi zina seli sita kweli, lakini ni fupi kwa AAAA kwa milimita kama 3, mpaka uongeze foili iliyokunjwa ndiyo iguse. Na kuibomoa kwa koleo ni kujichana mikono. Mwalimu anunue kalamu ya kuchaji kwa waya inayokubali mfumo wa Microsoft, zipo.

#31 Mla Machungwa (Muheza)

Fundi hataki tupate kitu bila kupita kwake.

#32 Mzee wa Mkonge

Kuna kitu kikubwa kuliko kalamu. Mashine hizi nyingi zilikuwa mali ya kampuni na shule huko nje. Mwingine anauziwa, inafanya kazi vizuri, mpaka siku anapoifuta aanze upya. Ikiunganishwa na intaneti inamwambia karibu kwenye kampuni fulani, ingiza barua pepe ya kazi. Imesajiliwa kule, na kuifuta hakuondoi usajili.

Mwalimu, ifute kabisa mbele ya muuzaji, iunganishe na intaneti ya simu yako, uone inauliza nini. Akikataa, ameshakujibu. Kisha zima, shikilia kitufe cha kuongeza sauti uwashe, uingie kwenye mipangilio ya chini kabisa. Ikidai neno la siri usilolijua, rudisha.

#33 Kamba na Bikoni

Mzee ubarikiwe, hiyo imewaumiza wengi. Duka moja liliniuzia ya hivyo, wakasema "ni kawaida".

Pia mwalimu aangalie joto. Pro 6 ya i5 haina feni. Raha yake ni kimya, haipigi kelele darasani. Ubaya wake ni miezi ya kaskazi, Januari na Februari, chumba kikiwa hakina hewa: ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe. Kwa Word huoni. Kwa ramani zangu naona, inaanza kuburuza.

#34 Mwenye Steshenari

> Kamba na Bikoni aliandika: *Raha yake ni kimya*

Uliletwa Tanga kwa kazi ya wiki, waja leo waondoka leo, naona umekuwa mwenyeji hadi joto la kaskazi unalijua.

Kuhusu betri kushuka usiku, mimi nina wazo la nne. Masasisho. Mashine iliyokaa dukani muda mrefu, siku ya kwanza ikipata Wi-Fi inavuta vitu vya miezi. Mwalimu ameunganisha, ikafungwa, ikaendelea kuvuta begini. Usiku wa pili na wa tatu isingefanya hivyo.

#35 Mwalimu wa Chumbageni

Usiku wa pili nimeweka ile hibernate. Imeshuka asilimia 1 tu, na begi halikuwa na joto. Kwa hiyo Kamba na Bikoni ameelekea kupata. Ingawa usiku huo begi lilikuwa juu ya kabati, na masasisho yalikuwa yamemalizika, kwa hiyo wengine nao siwezi kuwakatalia.

#36 Fundi Barabara ya 9

Hata betri mbovu haishuki mashine ikiwa imezima. Kwa hiyo na mimi bado nimo.

Fanya hivi tumalize la betri. Fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika: powercfg /batteryreport. Itakupa njia ya faili, lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ni uwezo ilipotoka kiwandani, kwa Pro 6 ni kama 45,000 mWh. Ya pili ni ilichobakiza.

#37 Mwalimu wa Chumbageni

45,000 na 33,900.

#38 Fundi Barabara ya 9

Robo imekwenda. Kwa laptopu ningesema nunua, betri utabadilisha mwakani kwa dakika kumi. Kwa hii, siku betri ikichoka kabisa ndiyo siku ya kuhatarisha kioo. Mpe laki sita, asitake, mwachie.

#39 Bint Makorora

Robo tatu imebaki, na ya kwangu haifiki hata hapo, ila inanipitisha mchana wote wa vipindi. Mwalimu, mashine iliyokuwezesha kuchora nefroni ndani ya mtihani bila karatasi wala skana, usiipime kwa siku ya kufa kwake. Kuna mpangilio wa kuizuia isijae, kwenye ile mipangilio ya chini aliyoitaja mzee, inaishia 50. Ukiwa ofisini imechomekwa kutwa, washa huo, betri itadumu.

#40 Sahare Baharini

Swali langu dogo katikati: kuna aliyeichaji kwenye boti? Chaja yake ni ya volti ngapi?

#41 Kamba na Bikoni

Chaja ya Pro 6 ni ya wati 44, inatoa volti 15. Betri ya boti volti 12 haiipeleki moja kwa moja. Mimi garini natumia chaja ya USB-C ya wati 45 inayotoa volti 15, na waya wenye sumaku ya Surface upande mmoja. Angalia chaja imeandikwa 15V kweli, nyingine zinaruka kutoka 9 kwenda 20, na waya hautakubali.

Mwalimu, wewe kama unataka kujua usiku ule ilikuwa nini, andika powercfg /sleepstudy ukifungua cmd kwa haki za msimamizi. Inaonyesha kila kipindi cha kulala na nani alikuwa macho.

#42 Fundi Barabara ya 9

Ataona nani alikuwa macho, hataona betri iliyoanza kuvimba. Mwalimu, usiku huu zima taa, washa tochi ya simu, laza rula ya chuma juu ya kioo kutoka kona hadi kona. Mwanga ukipenya chini ya rula pembeni wakati katikati imegusa, kioo kinasukumwa kutoka ndani, na hapo hata laki tatu usitoe. Rula ikilala sawa pande zote, endelea kubishana na bei.